Nilikwenda Bagamoyo, sikuiona Njia Nyeupe. Nikatafute giza wapi?

"Naishi Tabata, Dar es Salaam. Mwaka jana nilinunua darubini ya mtumba yenye lenzi ya upana wa milimita 70, na Januari mimi, dada yangu na wenzangu watatu tukachanga mafuta tukaenda Bagamoyo kutazama nyota. Tulilala ufukweni. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili tatu kujaa. Nyota zilikuwa nyingi kuliko za nyumbani, lakini ile Njia Nyeupe ya kwenye picha hatukuiona, wala yale Mawingu ya Magellan, na upande wa jiji mbingu ilikuwa rangi ya chungwa. Mmoja wetu anasema tupande Kilimanjaro kwa kuwa kule tutakuwa karibu na nyota. Mwingine anasema Mikumi. Nina gari dogo na bajeti ndogo. Tuchague vipi mahali? Halafu dada yangu hakuona karibu chochote usiku ule. Hata nyumbani umeme ukikatika hupapasa kuta wakati sisi tunaona njia. Ni mazoea tu?"

Ndugu yangu, la dada yako nitalijibu mwishoni, na usiache kulisoma. Kwanza safari. Umeniuliza habari ya mahali, lakini nikilisoma swali lako mara ya pili naona mahali ndipo mlipokosea kidogo kuliko pote. Mlikosea mwezi wa kwenye kalenda, mkakosea mwezi wa mbinguni, kisha ndiyo tuje kwenye Bagamoyo.

Tuanze na Januari. Njia Nyeupe ni ule ukanda wa nyota za galaksi yetu unaokatiza mbingu, na ile sehemu yake nono inayopigwa picha ni upande wa kitovu cha galaksi, kwenye makundi ya nyota ya Nge (Scorpius) na Mshale (Sagittarius). Kuanzia katikati ya Desemba hadi karibu Januari 20, Jua lenyewe linapita mbele ya Mshale. Kitovu hicho basi huchomoza pamoja na Jua na kuzama nalo, na saa mnapokula wali wa mchana ndipo kinapokuwa juu ya vichwa vyenu. Usiku mnabakiwa na upande wa nje wa galaksi, ule unaopita karibu na kundi la Jabari (Orion). Nao ni Njia Nyeupe vilevile, ila ni hafifu kama moshi wa ubani uliokwisha kutawanyika. Hata mngekwenda katikati ya Kalahari, usiku ule msingeipata picha mliyokuwa nayo kichwani.

Mbingu ina misimu kama shamba. Wazee wa pwani walijua hili kabla ya darubini, ndiyo maana wakasema habari ya Kilimia, kile kishada cha nyota: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Njia Nyeupe, msimu ni kipupwe. Katikati ya Julai kitovu cha galaksi hufika juu kabisa kama saa nne na nusu usiku. Katikati ya Agosti hufika saa tatu kasorobo, muda mzuri hata kwa mwenye watoto. Kwa mtu aliyesimama karibu na Dar es Salaam huwa kimepanda nyuzi 68 hivi kutoka upeo wa kusini, yaani unainua shingo hasa. Wenzetu wa Ulaya hukiona kikitambaa juu ya mapaa ya nyumba, kama wanakiona. Sisi tumepewa kiti cha mbele. Mawingu ya Magellan, yaani galaksi ndogo mbili jirani zetu, nayo yana msimu wake: Wingu Kubwa huwa juu jioni za Desemba na Januari. Hayo mlikuwa na haki ya kuyatafuta, na hayakuonekana kwa sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni mwezi. Mwezi unaokaribia kujaa unawamwagia mbingu nzima mwanga, na hakuna ufukwe, jangwa wala kisiwa kitakachowaficha. Watu wengi hupanga safari kwa likizo na wikiendi, kisha wanashangaa. Wewe panga kwa mwezi. Kama nyumbani mna kalenda ya Kiislamu ukutani, hamhitaji programu ya simu, maana tarehe ya Hijria ndiyo umri wa mwezi. Tarehe 14 na 15 umejaa. Tarehe 20 huchomoza kama saa nne na nusu usiku, kwa hiyo mnapata saa tatu za giza baada ya machweo kuisha. Tarehe 24 hadi 2 ndizo siku za kusafiri: ama mwezi unachomoza usiku wa manane, ama haupo kabisa. Tarehe 4 huzama kama saa tatu na nusu. Tofauti ya siku moja katika kuandama kwa mwezi haitawadhuru.

Hapa niwape angalizo ambalo halimo kwenye vitabu vya wageni. Siku za giza la mwezi ni siku za bamvua, maji hujaa kupita kawaida. Mkeka uliotandikwa saa mbili usiku mahali pakavu unaweza kuelea alfajiri. Tafuteni mstari wa majani makavu na takataka ambao maji yameuacha, mkae juu yake. Na siku hizohizo wavuvi wa dagaa huingia baharini na taa zao, kwa sababu dagaa huvutwa na taa vizuri pale mwezi usipokuwepo. Mimi nimewahi kutandika darubini nikitazama bahari "tupu" upande wa mashariki, na kufika saa tatu usiku upeo wote ukawa umepambwa taa kama mtaa wa harusi. Sikuwa na la kulalamika, kwani wao wako kazini na mimi nipo matembezini.

Sasa Bagamoyo. Ule uchungwa mliouona si taa zenyewe. Taa za jiji hurusha mwanga juu, mwanga ukagonga chembe za hewa, vumbi, moshi na mvuke, kisha sehemu yake ikarudi chini machoni penu. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi; chembe za chumvi zikilowa huvimba na kutawanya mwanga zaidi, na msimu wa kaskazi huwa na unyevu mwingi. Taa nyeupe za LED zimeongeza tatizo jingine. Zina rangi ya buluu nyingi ndani yake, na buluu ndiyo inayotawanyika kirahisi angani, kwa sababu ileile inayofanya mbingu ya mchana iwe ya buluu.

Mwanga huu hupungua kwa umbali, na hupungua haraka kuliko watu wanavyodhani. Miaka ya 1970 mwanaastronomia Mmarekani, Merle Walker, alipima mng'ao wa miji ya California akapata kanuni ya kukadiria: ukizidisha umbali mara mbili, mng'ao wa jiji hupungua mara tano na zaidi, ukizidisha mara nne, hupungua kama mara 32. Dar es Salaam ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Bagamoyo iko kama kilomita 60 tu kutoka katikati ya jiji kwa mstari ulionyooka, na jiji nalo linawafuata kwa barabara hiyohiyo kupitia Bunju na Mapinga.

Lakini umbali ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo watu karibu wote huisahau, ni upande. Ukiwa Bagamoyo, Dar iko kusini-mashariki yako. Vitu vizuri vya mbingu yetu viko kusini: Salibu (Msalaba wa Kusini), nyota ya Suheli (Canopus), Mawingu ya Magellan, mkia wote wa Njia Nyeupe unaoshuka baada ya Nge. Wingu Kubwa, hata likiwa juu kabisa, halipandi zaidi ya nyuzi 28 hivi kutoka kwenu. Kwa hiyo mliliangalia kupitia pazia la taa za Dar, na mwezi juu yake. Chukua umbali uleule wa kilomita 60 na kitu, uende kusini badala ya kaskazini, hadi Kisiju huko Mkuranga. Jiji sasa limehamia kaskazini, nyuma ya kisogo chako, na kusini yote iko wazi. Mafuta yatazidi kidogo.

Kuhusu Kilimanjaro, mwambie mwenzako kwa upole kwamba mfumo wa nyota ulio jirani yetu kuliko yote uko umbali wa kilomita kama trilioni 40. Mita 5,895 hazipunguzi kitu. Ila asiondoke na aibu, maana kuna ukweli ndani ya kosa lake. Vituo vikubwa vya darubini hujengwa mlimani, kama ile SALT ya Sutherland, Afrika Kusini, kwenye mita karibu 1,800, kwa sababu huko unaliacha chini tabaka la hewa lenye vumbi na mvuke. Kileleni mwa Kilimanjaro hewa iliyobaki juu yako ni kama nusu ya ile ya pwani. Basi urefu unasaidia kwa kukuondolea uchafu wa hewa, nao hauhitaji kwenda hadi barafuni. Uwanda wa juu wa Dodoma au Iringa, mita elfu moja na zaidi, unatosha. Mpanda mlima aliyechoka, anayetetemeka kwa baridi na kuumwa kichwa hatazami nyota, anatazama saa.

Mikumi kuna giza, sibishi. Lakini barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhi, na malori hayalali. Zaidi ya hapo, ndani ya hifadhi huruhusiwi kuzurura usiku. Utakaa kambini au hotelini, utatazama kipande cha mbingu kilicho kati ya miti, na utalipa kiingilio kwa ajili ya wanyama ambao usiku hutaki kuwaona. Mkienda Mikumi kwa ajili ya tembo, toeni vichwa nje na nyota mzione pia. Kwa ajili ya nyota peke yake, hapana.

Mimi kwa gari dogo na bajeti yako ningechagua Kilwa. Ni lami, na kwa mstari ulionyooka iko mbali na Dar karibu mara nne ya Bagamoyo. Rudi kwenye hesabu ya Walker: mng'ao wa jiji kama sehemu moja ya 32 ya ule uliowaudhi, tena uko kaskazini. Lala Kilwa Masoko sehemu ya kawaida, usiku toka nje ya taa za mji wenyewe kilomita chache. Kaa usiku mbili, si mmoja, kwa sababu upepo wa kusi huleta vipande vya mawingu na manyunyu pwani hata wakati wa kiangazi, na hakuna mtaalamu atakayekuahidi usiku usio na wingu. Mchana mkavuke Kilwa Kisiwani mkaone magofu, ili safari isitegemee mbingu peke yake.

Kama mnaweza usiku mmoja tu, Kisiju, kwa masharti: ulizeni hali ya barabara ya kutoka Mkuranga kabla ya kuingiza gari dogo, na bebeni dawa ya mbu, maana kuna mikoko. Kimbiji, upande wa Kigamboni, ni karibu zaidi na kwa hiyo mng'ao ni mkubwa kuliko wa Bagamoyo, lakini uko kaskazini-magharibi. Naipendekeza kama uwanja wa mazoezi wa jioni moja, si kama mwisho wa safari.

Na mkishakomaa, pandeni treni ya SGR hadi Dodoma, kisha mwende Kondoa, upande wa Kolo kwenye michoro ya mapangoni. Hewa ni kavu, mahali pako juu, na jiji la karibu limeachwa zaidi ya kilomita 100. Ila bara nako kuna kasoro yake: kuanzia Agosti hadi mvua zinapokaribia, watu huchoma mashamba na mapori, na moshi huo hutanda. Juni na mwanzo wa Julai ni safi zaidi. Kwa pwani hilo halina uzito mkubwa.

Usiitegemee sana ramani ya taa ya mtandaoni. Nyingi hutumia picha za kifaa cha VIIRS kilicho kwenye satelaiti. Kifaa hicho hakioni vizuri mwanga wa buluu wa LED, na hupita juu yetu kama saa saba na nusu usiku, wakati maduka mengi yameshafunga. Kwa hiyo kijiji kinachoonekana cheusi kwenye ramani kinaweza kuwa na taa tele saa mbili usiku. Ramani ikupunguzie uchaguzi kutoka sehemu kumi hadi tatu. Zilizobaki zikague kwa miguu. Nenda mchana, simama pale utakapotandika, tazama kusini kama kuna minazi au kilima kinachokula nyuzi 20 za chini, tazama nani ana taa ya nje, minara iko wapi, gari litageuzia wapi. Jioni yake piga picha ya simu ya sekunde chache ukielekea jijini, kwa mipangilio ileile kila unapokwenda. Ukiziweka picha za Bagamoyo, Kimbiji na Kisiju pamoja utajua kuliko nitakavyokueleza.

Mkilala kwenye nyumba ya wageni au kambi, ulizeni kabla ya kulipa: taa za ulinzi zikoje, na je, mlinzi ataruhusiwa kuzizima? Niliwahi kupeleka wanafunzi 14 mahali palipotuahidi "giza totoro". Lilikuwepo, hadi saa mbili usiku jenereta lilipowashwa na taa nne kubwa zikatumulika kutoka kila pembe. Nilipomfuata mlinzi akaniambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, ni kwa usalama wenu." Tulitazama nyota tukiwa nyuma ya tangi la maji.

Kuhusu darubini yako, usiilaumu na usiitegemee kwa kazi isiyo yake. Njia Nyeupe na Mawingu ya Magellan ni vitu vilivyotandazika. Darubini huvikuza lakini haiongezi mng'ao wa kila kipande chake, kwa hiyo mbingu ikiwa na taa, hata darubini ya milioni kumi itakuonyesha kijivu. Hivyo vinataka macho matupu na giza. Sayari na mwezi ni kinyume chake: miezi minne mikubwa ya Mushtarii na pete za Zohali zitaonekana kwa milimita 70 ukiwa Tabata juu ya paa. Usichome mafuta kuzifuata.

Macho nayo yapeni muda. Yakitoka kwenye mwanga huhitaji dakika 30 hivi kulizoea giza, kwa sababu kemikali inayotusaidia kuona usiku hujengeka polepole nyuma ya jicho, na mtu mmoja akifungua simu kusoma ujumbe anairudisha mwanzo. Fungeni tochi kwa karatasi nyekundu ya zawadi. Mkiwa mmefika mahali pazuri kweli, kipimo changu ni hiki: tafuta lile Wingu Kubwa msimu wake bila darubini. Ukiliona moja kwa moja, kama kipande cha wingu kisichosogea, pamekufaa. Msimu wa kitovu, angalia kama unatofautisha mabaka meusi ndani ya Njia Nyeupe. Hayo ni mavumbi kati ya nyota, si mashimo wala mawingu yetu.

Usalama sitaurefusha, lakini kuna mambo ambayo makala haiwezi kuyaamua kwa niaba yenu. Kila kijiji mtakachotandika, mwoneni kwanza mwenyekiti au mtendaji, mjitambulishe, mweleze hicho chombo chenye miguu mitatu ni nini. Kundi la wageni usiku wa manane na tochi nyekundu huzua maneno, na maneno huzua mengine. Msikae karibu na kambi za jeshi, na msirushe mwanga wa leza ya kijani angani. Karibu na mito, mabwawa au mipaka ya hifadhi muulizeni askari wa wanyamapori wa eneo lile, uso kwa uso, kama viboko au tembo hupita hapo usiku. Akisema hapo hapafai, hameni, hata kama upeo wa kusini unatamanisha.

Sasa dada yako. Kutoona nyota usiku wa mwezi mkubwa, ndani ya nusu saa ya kwanza, ni kawaida kwa mtu yeyote. Kupapasa kuta nyumbani wakati nyinyi mliokaa giza lilelile mnaona njia, si kawaida, na si mazoea. Inaweza kuwa jambo dogo kama kuhitaji miwani. Inaweza kuwa upungufu wa vitamini A, unaotibika. Inaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au ugonjwa wa kurithi wa sehemu ya nyuma ya jicho, ambao huanza hivyohivyo, kwa giza, kabla mtu hajaona tofauti yoyote mchana. Siwezi kujua ni lipi kwa kusoma barua, na wewe usijaribu kulitibu kwa karoti. Aende kwa daktari wa macho amweleze maneno haya: "Gizani sioni wanavyoona wenzangu." Amweleze pia kama kuna mtu mwingine katika ukoo mwenye hali hiyo. Asisubiri Julai.